Je, Ruhusa ya Mji Huhalalisha Bangi?



Vijana wa Gungu, hasa walioingia Uislamu karibuni na wale ambao bado wanachunguza, huuliza hivi: "Twasikia kwamba Ulaya na Marekani mtu mzima huvuta bangi wala hakamatwi. Ikiwa serikali zenye elimu zimeiruhusu, kwa nini dini iikataze?" Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa ukali. Tutalijibu kwa hatua tatu.

1. Sheria ya hapa petu

Katika Tanzania hakuna mahali ambapo mtu ameruhusiwa kuvuta bangi kwa starehe. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, inakataza kuilima, kuiuza, kuisafirisha, kuwa nayo na kuitumia. Haitofautishi barabara na chumba cha kulala, wala umri wa mtu si udhuru. Humshika hata mwenye nyumba ambaye, hali anajua, huiacha nyumba yake ifanywe kijiwe cha wavutaji. Basi mvuvi asemaye kwamba avuta ili apate joto usiku ziwani, na kijana asemaye kwamba yumo chumbani mwake na hamdhuru mtu, wote wawili wamevunja sheria. Na Mwislamu amefundishwa kuitii sheria ya nchi anamoishi.

2. Sheria za miji iliyoruhusu

Ni kweli kwamba nchi kadhaa zimeruhusu. Lakini tutazame zimeruhusu nini, na wapi.

Afrika Kusini, tarehe 18 Septemba 2018, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba si kosa mtu mzima kutumia bangi faraghani kwa ajili yake mwenyewe. Haikumruhusu kuivuta hadharani, wala mbele ya watoto.

Ujerumani, sheria iliyoanza tarehe 1 Aprili 2024 ilimruhusu mwenye miaka 18 kuchukua hadi gramu 25. Papo hapo ilimkataza kuvuta karibu na mtoto, shuleni, katika viwanja vya watoto na mahali panapoonekana kutoka huko. Hata katika njia za mjini zilizotengwa kwa waendao kwa miguu, ilikataza kuvuta tangu saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku.

Katika New York, sheria ya mwaka 2021 iliweka umri wa miaka 21, na kwa kawaida ikaruhusu kuvuta pale tu panaporuhusiwa kuvuta tumbaku. Hivyo bustani za mji, ambamo tumbaku ilikatazwa tangu mwaka 2011, hazimo katika ruhusa hiyo, wala ndani ya motokaa.

Basi twaona kwamba sheria hizi za ruhusa zimejaa makatazo. Mtu aweza kusema: si kila jambo la faragha ni baya, kwani hata mambo ya ndoa ni ya faragha nayo ni halali. Ni kweli. Lakini hapa makatazo yamewekwa ili kuwakinga watoto na jirani wasipate madhara. Serikali hizo hazikutangaza kwamba bangi ni njema. Zilipima hasara mbili, ya bangi yenyewe na ya kujaza magereza na kuwatajirisha wauzaji wa magendo, zikachagua ile waliyoiona nyepesi.

Tena ruhusa ya wanadamu hugeuka. Thailand iliiondoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya mwaka 2022. Mwaka 2025 ikarudi kuagiza kwamba maua yake yasiuzwe ila kwa cheti cha tabibu. Je, dini nayo igeuke kila baada ya miaka mitatu?

3. Mafundisho ya Kiislamu

Wengine husema kwamba jina la bangi halimo katika Kurani Tukufu. Hakika halimo. Lakini Kurani imetaja ulevi na sababu ya kuukataza. Katika sura Al-Baqarah (2:220) imekiri kwamba ulevi una faida fulani kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko faida. Kisha katika sura Al-Maidah (5:91, 92) imeamuru kuuepuka, kwa kuwa huleta uadui na humzuia mtu kumkumbuka Mungu na kusali. Mtume Muhammad s.a.w. akafundisha kwamba kila kilevyacho ni haramu, na kwamba kinacholevya kwa wingi, hata kidogo chake kimekatazwa. Hivyo bangi ilipoenea katika nchi za Kiislamu karne nyingi baadaye, wanazuoni, miongoni mwao Ibn Taymiyya (1263–1328), waliitia katika hukumu ya vilevi. Mgonjwa anayepewa dawa na tabibu kwa idhini ya sheria ana hukumu yake mbali.

Msafiri atokaye Kigoma kwenda Kalemie au Bujumbura huvuka kutoka sheria ya dola moja hadi ya nyingine. Lakini akili aliyopakia chomboni ni ile ile, na Sala inayomngoja ng'ambo ni ile ile. Sheria ya dola humwuliza mtu yuko wapi; dini humwuliza akili yake iko wapi.

Mwisho, aliyekwisha zoea bangi asidharauliwe wala asifukuzwe msikitini. Mlango wa toba u wazi. Ndugu zake wamsaidie kwa upole, na akihitaji tabibu wampeleke.

Maswali ya kujipima:

(a) Je, mwenye nyumba wa Gungu ana jukumu gani mbele ya sheria?
(b) Taja mahali pawili palipokatazwa katika nchi zilizoruhusu bangi.
(c) Kurani Tukufu imetaja sababu gani za kuukataza ulevi?

Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu na za watoto wetu. Amin.