MTOTO ANAYEPUMUA MBIO HAWEZI KUMEZA VIZURI

Mama, weka kidole kwenye koo yako, umeze mate. Koo inapanda, halafu inashuka. Sasa meza tena na ujaribu kuvuta pumzi wakati uleule. Haiwezekani. Njia ya chakula na njia ya hewa zinapitana kooni, na kila tukimeza, njia ya hewa inafungwa karibu sekunde moja.

Mtu mzima mwenye afya anapumua kama mara 15 kwa dakika: kila pumzi sekunde 4. Nafasi ya kumeza iko. Lakini mtoto mwenye nimonia anaweza kupumua mara 60: kila pumzi sekunde moja tu. Atameza saa ngapi? Akimeza, anakosa hewa. Akivuta hewa upesi, maziwa yanaweza kuifuata mpaka ndani ya mapafu ambayo yanaugua tayari. Ndiyo maana anashika ziwa, ananyonya mara mbili, anaacha, analia. Si ukaidi. Na maziwa yako hayakuharibika, hata kama nyanya yake anasema hivyo.

Hapo ndipo tunaona kosa kubwa, Mangobo na Kabondo vilevile. Mtoto amekataa uji. Wanamlaza chali, wanamziba pua, wanamimina kwa mkono. Au wanampa mafuta ya mawese ya kulainisha kifua. Hapana kufanya hivyo! Mafuta ni mabaya kupita uji: yanateleza bila kuamsha kikohozi, na yakifika mapafuni yanakaa siku nyingi.

Hesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, mara 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 mpaka 12, mara 50. Mwaka 1 mpaka 5, mara 40. Mpeleke kituo cha afya. Kama hawezi kunyonya wala kunywa kabisa, usingoje asubuhi, hata ukiwa Lubunga na lazima kutafuta mtumbwi usiku. Njiani usimtie kitu kinywani.

Yule anayeweza kunywa bado, mkalishe wima, umpe kidogo kidogo, apumzike kila mara. Akikohoa au pumzi ikizidi, acha.

Hospitalini muuguzi anaweza kupitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni. Mama wengine wanauogopa, wanauchomoa usiku. Mpira ule unapitisha maziwa yako mwenyewe, uliyokamua, na mtoto anabaki na kazi moja tu, kupumua.