Kazi ya Siku Tatu, Matumizi ya Siku Saba: Jinsi ya Kuweka Akiba Bila Kuisahau Familia

Wateja wetu wengi hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kuna anayefua nguo nyumba tatu kwa wiki, kuna anayeitwa mjengo foreman akikumbuka namba yake, na kuna anayesuka nywele Ijumaa na Jumamosi pekee. Pesa zao huingia kwa vipande vipande, lakini kodi ya nyumba, unga na karo havijui hilo.

Swali tunaloulizwa sana ni hili: mtu wa kibarua anaweza kweli kujitegemea kifedha, na bado apate muda wa watoto wake? Jibu letu ni ndiyo, ila si kwa njia anayotumia mtu wa mshahara. Somo la leo linaonyesha njia hiyo kwa hesabu.

Tutumie mfano mmoja tuliouunda ili hesabu iwe rahisi kufuata. Ni mama fua mwenye watoto wawili. Anafanya kazi siku tatu kwa wiki, shilingi 800 kwa siku. Watoto wako shuleni siku hizo, na nyumba anazofua ni za kutembea kwa miguu. Mume wake ni wa mjengo na ndiye hulipa kodi. Chakula, stima na mahitaji madogo ya shule ni juu ya mama. Weka kazi yako na bei zako mahali pa zake.

1. Jua mwezi wako mbaya

Watu wengi hupanga matumizi kwa kukumbuka mwezi mzuri. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Itisha taarifa ya miezi mitatu ya laini yako na ujumlishe kila kilichoingia kutokana na kazi. Usihesabu mikopo, wala pesa ulizotumiwa upeleke kwa mtu mwingine. Mama wetu anapata hivi: mwezi wa kwanza alifanya kazi siku 12, akapata 9,600. Wa pili siku 10, akapata 8,000. Wa tatu mtoto aliugua, akafanya siku 8 tu, akapata 6,400.

Wastani ni 8,000, lakini asipange kwa 8,000. Apange kwa ule mwezi wa 6,400. Ukipanga kwa mwezi mbaya, mwezi mzuri unakuletea ziada. Ukipanga kwa mwezi mzuri, mwezi mbaya unakuletea deni la duka.

2. Hamsini ya kwanza

Kabla pesa ya siku haijaguswa, toa 50 uihamishe kwenye akiba. Fanya hivyo ukiwa bado njiani, kabla hujafika kwa mama mboga. Kiasi kikiwa kidogo hutakisikia, na kikitoka kila siku ya kazi kinakuwa tabia.

Kwa siku 30 za kazi katika miezi ile mitatu, mama wetu ameweka 1,500. Anabaki na 750 kila siku aliyofanya kazi. Mwezi wake mbaya sasa una 6,000 za kutumia, na hiyo ndiyo bajeti yake ya kila mwezi, iwe mvua iwe jua.

3. Ziada igawe siku hiyo hiyo

Mwezi wa siku 10 unampa ziada ya 1,500. Mwezi wa siku 12 unampa 3,000. Jumla ni 4,500 kwa miezi mitatu. Ziada ikikaa kwenye laini bila jina, itaisha bila kuonekana ilikoenda. Kwa hivyo tunashauri igawanywe mara tu inapopatikana:

- Nusu iende kwenye akiba ya dharura: 2,250.
- Robo iende kwenye lengo la mbali, kwa mfano hisa na akiba za sacco: 1,125.
- Robo ibaki kwa raha ya nyumbani: 1,125.

Usiikate hiyo robo ya mwisho. Familia inayoambiwa "hakuna pesa" mwaka mzima huchoka na akiba, na siku moja huivunja yote. Kuku wa Jumapili moja au nauli ya kwenda kumwona shosho ushago ni sehemu ya mpango.

Jumlisha ile 1,500 ya hamsini hamsini na 2,250, akiba ya dharura inafika 3,750 kwa miezi mitatu. Mambo yakienda hivyo hivyo kwa mwaka, ni 15,000: bajeti ya miezi miwili na nusu. Ni kweli njiani itaguswa. Mtoto akiugua, itatoka, na hiyo ndiyo kazi yake. Ukiitoa kwa ugonjwa hujashindwa, irudishe polepole.

4. Siku ya nne ina bei gani?

Sasa mama anaitwa nyumba nyingine, mbali kidogo, kila Jumamosi. Malipo ni yale yale 800. Akubali?

Kabla ya kujibu, atoe gharama za siku hiyo. Nauli kwenda na kurudi ni 100. Anayemwangalia mtoto mdogo ni 150. Chakula cha nje ni 100. Kinachobaki ni 450, si 800. Na kuna gharama isiyo na risiti: Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo watoto wako nyumbani na mama yuko.

Hatusemi akatae. Tunasema siku ya ziada iwe na kazi maalum na iwe na mwisho. Tazama bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na hauwezi kupungua 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hupangiwa kiasi chake kulingana na majibu anayotoa kuhusu hali ya nyumba, na mchango wake huhesabiwa kwa mwaka. Kwa kiwango cha chini kabisa, mwaka ni 3,600. Bajeti ya mama haikuwa na nafasi ya bima.

Gawanya 3,600 kwa 450, unapata 8. Jumamosi nane zinalipia mwaka mzima. Sasa mama ana neno la kuwaambia watoto: "Nitakuwa nikienda kazi Jumamosi nane, halafu narudi." Mtoto anaelewa hesabu ya namna hiyo kuliko "mama anatafuta pesa".

5. Ongeeni kabla pesa hazijaisha

Nyumba nyingi huzungumza kuhusu pesa siku ambayo hazipo, na mazungumzo ya siku hiyo huwa ni ugomvi. Chagueni dakika kumi na tano Jumapili jioni. Maswali ni matatu: Wiki hii kimeingia nini? Wiki ijayo kuna gharama gani kubwa? Nani anabaki na watoto siku gani? Hilo la tatu ni la pesa pia, kwa sababu baba asiye na mjengo Jumanne akibaki na mtoto, ile 150 inabaki nyumbani.

Wengine hutuuliza kama wamwambie mwenzao kuhusu akiba. Mara nyingi, ndiyo. Akiba ya siri ikigunduliwa, kinachovunjika si bajeti tu. Lakini kusema kiasi si kutoa PIN. PIN ni yako peke yako, hata kwa mume au mke. Na kama nyumbani kwako pesa huchukuliwa kwa nguvu, una haki ya kuiweka mahali salama bila kumweleza mtu.

Kisha kuna jamaa. Kusaidia nyumbani ni jambo jema. Kinachoumiza ni kutuma bila mpango, mia mbili leo, mia tatu kesho, na kila moja na ada yake. Weka kiasi kimoja kwa mwezi, ndani ya bajeti, na ukitume mara moja. Ujumbe unaweza kuwa hivi: "Habari ya nyumbani kaka. Mwezi huu nina mia tano ya kusaidia, nimeituma sasa. Nyingine itakuja mwezi ujao tarehe 5." Ukisema mapema na ukatimiza, simu za ghafla hupungua.

Hali ni ile ile unapotoa pesa kwa wakala. Ada hupangwa kwa viwango, kwa hivyo kutoa 500 mara nne kunakula zaidi ya kutoa 2,000 mara moja. Na mahali unapoweza kulipa moja kwa moja kwa simu, hakuna haja ya kutoa kwanza.

6. Mkopo wa simu ni wa nini?

Mikopo ya simu imewasaidia watu wengi, na ina bei. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012 ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Tutumie kiwango hicho kwa hesabu. Ukikopa 3,000, ada ni 225. Mara moja kwa mwaka, si neno. Lakini ukikopa kila mwezi kuziba pengo lile lile, umelipa 2,700 kwa mwaka. Hizo ni hamsini za siku 54 za kazi.

Kwa mlinganisho, mkopo wa sacco wa asilimia 1 kwa mwezi ungekugharimu shilingi 30 kwa mwezi huo kwa 3,000 hizo hizo. Tofauti ni kwamba sacco inataka uwe umeweka akiba kwanza, na mara nyingi inataka wadhamini.

Kanuni yetu ni fupi: kopa kwa kitu kitakachorudisha pesa, au kwa dharura ambayo akiba haikutosha. Ukikopa kwa unga miezi miwili mfululizo, shida iko kwenye bajeti. Rudi hatua ya kwanza.

7. Akiba ikae wapi?

Akiba ya dharura ikae karibu, lakini si kwenye salio unalolipia nauli. Akaunti ya akiba ya simu iliyo chini ya benki inafaa. Amana za benki zinalindwa na shirika la bima ya amana, KDIC, hadi shilingi 500,000 kwa mteja katika kila benki.

Pesa za karo zifungie hadi tarehe ya shule. Januari haiji ghafla. Tunaijua tangu Agosti.

Pesa za lengo la mbali zipeleke sacco. Kama ni sacco inayopokea amana, hakikisha ina leseni ya SASRA. Saccos nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Kwa uzeeni, kuna mipango ya watu wa jua kali kama Mbao, ulioanzishwa kwa mchango wa shilingi 20 kwa siku, na ndiyo sababu ukapewa jina hilo.

Chama pia ni kizuri, mradi kuwe na daftari, saini zaidi ya moja, na tarehe ya kugawana. Na yeyote anayekuahidi kuzidisha pesa zako mara mbili kwa wiki, mwache aende zake.

8. Uhuru huja kwa ngazi

Kujitegemea si lazima iwe nyumba ya ghorofa. Kwa mtu wa kibarua ngazi ni hizi:

1. Wiki nzima bila deni la duka.
2. Bajeti ya mwezi mmoja ikiwa kwenye akiba.
3. Karo ya muhula mmoja ikiwa tayari kabla shule kufunguliwa.
4. Bima ya mwaka ikiwa imelipwa.
5. Mtaji wa kazi yako mwenyewe, hata kama ni cherehani moja ya mkono wa pili.

Aliye ngazi ya pili tayari ana nguvu ambayo hakuwa nayo. Mwajiri akimcheleweshea malipo au akimtukana, anaweza kusema "kesho sitakuja" na watoto bado wale. Huo ni uhuru wa kweli, na unaanza na elfu sita.

Zoezi la wiki hii

Itisha taarifa yako ya miezi mitatu. Andika mwezi wako mbaya kwenye karatasi na uibandike jikoni. Chagua hamsini yako. Inaweza kuwa ishirini. Kisha Jumapili, keti na wa nyumbani kwako, mjibu yale maswali matatu. Akiba haiozi, lakini haianzi yenyewe.

Na kama kawaida: hatutakupigia simu kamwe kukuuliza PIN. Anayeuliza si sisi. Kata simu.