Kabla ya Kutuma Dipoziti: Somo kwa Anayetafuta Nyumba Nairobi

Mwisho wa mwezi ukifika, pikapu zilizobeba magodoro, mitungi ya gesi na viti huonekana kutoka Ngara hadi Kangemi. Watu wanahama. Baadhi yao wamelipa pesa nyingi kuliko walivyopanga, na wengine wamemlipa mtu asiye na nyumba yoyote. Katika somo la toleo hili tunaangalia dipoziti: jinsi ya kuilipa, kuilinda na kuidai.

Tuanze na hesabu. Tuseme fleti ya vyumba viwili Kileleshwa imetangazwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya mwezi mmoja ni 100,000 tayari. Ongeza dipoziti ya maji na stima. Kisha uliza kama ada ya walinzi, taka na lifti imo ndani ya kodi au inalipwa kando. Ikiwa ni 6,000 kando, umepanga nyumba ya 56,000. Kule Kawangware, anayetafuta chumba kimoja atatajiwa pesa kidogo, lakini kwa mfuko wake uzito ni ule ule.

Uliza pia kuhusu maji, tena umuulize jirani wa ghorofa ya juu. Broka hajawahi kukosa maji. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi husambaza maji kwa zamu na hutangaza ratiba ya kila mtaa, kwa hivyo majengo mengi ya Kilimani na Lavington hutegemea visima au maji ya lori, na gharama hiyo huishia kwa mpangaji. Fungua mfereji, tazama tangi. Uliza kama mita ya stima ni ya Kenya Power au ni ya mwenye nyumba, maana mita ya mwenye nyumba inaweza kuwa na bei yake mwenyewe kwa kila yuniti.

Sasa matapeli. Kuna mbinu inayorudiwa sana: mtu anakodi fleti yenye samani kwa siku mbili au tatu kama mgeni, anaitangaza mtandaoni kwa bei nafuu, kisha anawaonyesha wapangaji watano na kupokea dipoziti tano kwa M-Pesa. Siku ya kuhamia, watano hao wanakutana getini. Ukiambiwa kuna mtu mwingine anaitaka nyumba hiyo leo jioni, usitume pesa. Zungumza na keateka na mlinzi, uliza kodi hulipwa kwa nani, na ulinganishe jina hilo na lile linalotokea kwenye simu unapotuma. Ukiwa na nambari ya ploti, unaweza kuomba taarifa za umiliki kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi. Ajenti wa nyumba naye anatakiwa kisheria awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Maajenti wa Nyumba. Mwombe cheti chake cha mwaka huu.

Jambo moja huwashangaza wakazi wengi. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ile ya Sura ya 301 ni ya maduka, hoteli na biashara za vyakula. Mpangaji wa kawaida wa Westlands yuko nje ya zote mbili, kwa hivyo tegemeo lake kubwa ni mkataba. Usome wote. Tafuta siku ambazo dipoziti inapaswa kurudishwa, makato yanayoruhusiwa, na nani anapaka rangi ukihama. Kipengele cha rangi ndicho humeza dipoziti nyingi, nasi tunashauri kiwango kiandikwe kabla ya kutia sahihi. Kama unalipa mwezi kwa mwezi na mkataba hausemi lolote kuhusu notisi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi ya mwezi mmoja, kwako na kwa mwenye nyumba.

Tazama pia jengo limesimama wapi. Agosti 2018, Ukay Centre kule Westlands ilibomolewa kwa kuwa ilijengwa kwenye ardhi ya mto. Mto Kirichwa unapita kati ya nyumba za Kilimani na Kileleshwa; ukiona jengo limeukaribia, uliza kama lina idhini ya kukaliwa kutoka kaunti.

Siku ya kuingia, piga picha za kuta, sinki, madirisha na mita, kisha umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili. Ukihama na dipoziti isirudi, mwandikie barua ya madai na ubaki na nakala. Akikaa kimya, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Beba mkataba, risiti au ujumbe wa M-Pesa, notisi uliyotoa na zile picha.