Metali Zilizomo Katika Mapambo ya Watoto: Kijitabu cha Kaya

Pambo la mtoto huchaguliwa kwa rangi, kwa mng'ao na kwa mapenzi ya anayelinunua, ilhali jambo linaloamua usalama wake, yaani aina ya metali iliyoyeyushwa au kuunganishwa ndani yake, halionekani kwa macho ya mnunuzi na mara nyingi halijulikani hata na fundi aliyelitengeneza. Kijitabu hiki kinahusu bangili, hereni, mikufu, pete, vikuku, njuga na vifuko vya hirizi vinavyotengenezwa au kuunganishwa kwa mkono na kuvaliwa na watoto. Hoja yake kuu ni kwamba swali la kwanza la mlezi lisiwe bei wala uzuri, bali metali ile ilikuwa kitu gani kabla ya kuwa pambo.

Mtoto si mtu mzima mwenye umbo dogo. Bangili ambayo mama ameivaa miaka ishirini bila dhara lolote, mtoto wa mwaka mmoja huitia kinywani, akaing'ata na kuinyonya, na pengine akakimeza kipande kilicholegea; mate huanza kuila metali hiyo polepole, na asidi ya tumboni huendeleza kazi hiyo kwa kasi kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto wadogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima kutoka katika chanzo kilekile, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi, kwa kuwa utumbo wake huwa umejiandaa kunasa chochote kinachofanana na madini hayo.

Risasi

Risasi ni metali laini, nzito na ya kijivu, ile ile iliyomo katika betri za magari na katika chubwi ambazo wavuvi hufunga kwenye nyavu na mishipi. Huyeyuka katika nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida, hujaza kalibu vizuri hadi kwenye michoro midogo, huongeza uzito unaomfanya mnunuzi aamini kwamba ameshika kitu cha thamani, na bei yake ni ndogo. Kwa fundi asiyejua madhara yake hakuna metali rahisi kuliko hii, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Ikishaingia mwilini, risasi huchukuliwa kana kwamba ni kalsiamu: huzunguka katika damu kwa wiki kadhaa, kisha sehemu kubwa hujificha katika mifupa na meno, ambamo hukaa kwa miongo. Huzuia utengenezaji wa damu, hudhuru figo, na zaidi ya yote huvuruga ubongo unaokua, kiasi kwamba mtoto hupoteza sehemu ya uwezo wa kujifunza, wa kutulia na wa kuzuia hasira bila mtu yeyote kugundua kuwa ameugua. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kuwa salama. Katika mwongozo wake wa mwaka 2021 lilipendekeza kwamba mtoto anayepatikana na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu atafutiwe chanzo cha risasi hiyo na kiondolewe. Desilita moja ni sehemu ya kumi ya lita, na mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu.

Kwamba pambo dogo laweza kuua si dhana tupu. Mwaka 2006, mjini Minneapolis nchini Marekani, mvulana wa miaka 4 alipelekwa hospitali akitapika, na mwanzoni ilidhaniwa kuwa ana maradhi ya kawaida ya tumbo. Alirudishwa hali ikiwa mbaya zaidi, ubongo ukavimba, akafariki. Damu yake ilikuwa na mikrogramu 180 za risasi kwa desilita, na tumboni mwake kulikutwa kidani kidogo cha umbo la moyo kilichotoka kwenye bangili ya zawadi, ambacho maabara ilikuta kuwa asilimia 99.1 ya uzito wake ni risasi. Miaka miwili baadaye sheria mpya ya nchi hiyo kuhusu bidhaa za watoto iliweka ukomo, ambao tangu mwaka 2011 ni sehemu 100 za risasi katika kila sehemu milioni, sawa na miligramu 100 kwa kilo moja ya metali. Umoja wa Ulaya nao huweka ukomo wa asilimia 0.05 katika vito na mapambo, yaani miligramu 500 kwa kilo.

Kidani kile kilitoka kiwandani, na msomaji anaweza kufikiri kwamba kazi ya mikono iko mbali na hatari hiyo. Haiko mbali. Mapambo mengi yanayouzwa kama kazi ya mikono huwa yameshonwa au kutungwa kwa mkono tu, huku vidani, vishikizo, vikulabu vya hereni na vishanga vya metali vikinunuliwa kwa mafungu kutoka viwanda visivyojulikana; uzi ni wa fundi, lakini metali si yake.

Koki ya zamani na waya wa lehemu

Mapambo ya shaba njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, yanastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu ni fahari ya mafundi wa Afrika Mashariki na hakuna sababu ya kuyatupa yote. Katika karakana za Kibera jijini Nairobi, na kwingineko, fundi hukusanya makufuli mabovu, koki za maji na vipuri vya skrepa, akaviyeyusha katika chungu cha tanuri na kumimina kwenye kalibu. Kazi hiyo ni ya ustadi, huokoa taka na hulisha familia nyingi. Tatizo ni kwamba shaba njano inayotumika viwandani kutengeneza koki na makufuli huongezwa risasi kwa makusudi, mara nyingi kati ya asilimia 2 na 3, ili ikatike kwa urahisi kwenye mashine. Na kuyeyusha upya hakuiondoi risasi hiyo. Asilimia 3 ni sawa na miligramu 30,000 kwa kilo, mara 300 ya ukomo wa Marekani kwa bidhaa za watoto. Kishanga cha gramu 2 cha shaba ya namna hiyo hubeba miligramu 60 za risasi. Mtu mzima akikivaa shingoni hatapata dhara kubwa, kwa sababu risasi ya namna hii haipenyi ngozi kwa kiasi cha kutisha. Mtoto akikinyonya kila siku au akikimeza, hali ni tofauti kabisa.

Risasi ya pili hujificha kwenye kiungo. Waya wa kulehemu ambao mafundi redio wameutumia miaka mingi una takribani asilimia 60 ya bati na asilimia 40 ya risasi, na kwa kuwa huyeyuka upesi, baadhi ya mafundi wa mapambo huutumia kufunga pete za mnyororo, kuziba kifuko cha hirizi au kushikiza kikonyo cha njuga. Hivyo pambo la fedha safi laweza kuwa na tone la risasi mahali pale pale ambapo mtoto hupenda kung'ata. Tone hilo hutambulika kwa kiasi fulani: huwa la kijivu hafifu, laini kwa ncha ya kisu, na rangi yake hailingani na metali inayolizunguka. Sonara hutumia lehemu ngumu ya fedha inayohitaji moto mkali zaidi, na mlezi anayeagiza bangili ya mtoto ana haki ya kuitaja wakati wa kuagiza.

Kadimi

Kadimi ni metali nyeupe yenye rangi ya buluu kwa mbali, inayoyeyuka katika nyuzi 321. Ilipobanwa risasi, baadhi ya viwanda viliikimbilia: uchunguzi wa waandishi wa habari uliotangazwa Marekani Januari 2010 ulikuta mapambo ya watoto ambayo zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ilikuwa kadimi. Umoja wa Ulaya uliizuia katika vito na mapambo kuzidi asilimia 0.01. Metali hii hujikusanya katika figo na huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua kwa nusu, hudhoofisha mifupa, na imeorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Baadhi ya lehemu za fedha za aina ya zamani huwa nayo pia, na moshi wake ni hatari kwa fundi mwenyewe kabla ya kumfikia mvaaji.

Nikeli na masikio yaliyotogwa

Nikeli haiui, lakini ndiyo inayosumbua watoto wengi zaidi. Jasho huitoa kidogo kidogo katika metali, ikaingia kwenye ngozi, na mwili wa baadhi ya watu hujifunza kuikataa: sehemu iliyoguswa huwasha, huwa na vipele, hutoa majimaji na baadaye kuwa nyeusi na ngumu. Mzio huo ukishaanza hudumu maisha yote, na aliyepata mzio kwa hereni za utotoni ataukuta tena kwenye kifungo cha suruali, kwenye saa na kwenye funguo. Mara nyingi familia husema kwamba mtoto ana ngozi isiyopenda vitu vya bei rahisi, na kwa kweli hilo halikosei sana.

Wakati mbaya kuliko wote wa kukutana na nikeli ni pale sikio linapotogwa, kwa sababu kidonda kibichi hakina ngozi ya kuzuia. Kwa sababu hiyo sheria za Ulaya hutofautisha: kinachokaa juu ya ngozi kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na kinachopenyezwa kwenye tundu kisizidi mikrogramu 0.2. Hereni ya kwanza ya mtoto inafaa iwe ya dhahabu ya karati za juu, ya titani, au ya chuma cha pua cha daraja la matibabu, ambacho kina nikeli lakini huishikilia kwa nguvu kiasi kwamba hutoka kidogo mno. Iliyopakwa maji ya dhahabu haifai: tabaka lile ni jembamba sana, hukwanguka kwa jasho na sabuni, na chini yake mara nyingi kuna nikeli yenyewe. Metali inayoitwa fedha ya Kijerumani haina fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki.

Kuchagua, kuuliza na kupima

Fedha yenye alama ya 925, ambayo asilimia 92.5 ni fedha na kilichobaki kwa kawaida ni shaba, hufaa kwa watoto wengi ikiwa viungo vyake havikulehemiwa kwa risasi. Shaba nyekundu iliyotokana na waya mpya wa umeme ni salama kuliko shaba njano ya skrepa, ingawa huacha alama ya kijani kwenye ngozi, alama ambayo haina ubaya wowote na huoshwa kwa sabuni. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, hata hivyo, chaguo la busara zaidi ni kutovaa pambo la metali pale ambapo hakuna anayemwangalia, hususan wakati wa kulala, kwani uzi wa shingoni una hatari yake ya kukaba isiyohusiana na kemia.

Mng'ao, bei, uzito na neno la mwuzaji havithibitishi kitu. Risasi tupu huacha mstari wa kijivu ikisuguliwa kwenye karatasi nyeupe, lakini kukosekana kwa mstari si ushahidi wa usalama, kwa sababu risasi iliyomo ndani ya shaba au chini ya tabaka la nje haiachi alama. Kwa nikeli kipo kipimo rahisi cha matone kinachouzwa kwa wenye mzio: pamba iliyolowekwa husuguliwa kwenye metali na ikigeuka rangi ya waridi nikeli inatoka. Kwa risasi na kadimi jibu la kuaminika hutolewa na kifaa cha eksirei kinachosoma elementi zilizomo bila kuharibu pambo, kifaa cha aina ile ambayo wafanyabiashara wa dhahabu hutumia kupima karati, au na maabara kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali nchini Tanzania. Kikundi cha akina mama au cha ushirika kinachotengeneza mapambo ya kuuza kitapata nafuu kupeleka sampuli moja ya kila fungu la metali badala ya kila mtu kubahatisha peke yake.

Karakana iliyo nyumbani

Pale ambapo kazi hufanyika uani, pambo lenyewe huwa sehemu ndogo ya hatari. Vumbi la tupa na moshi wa kuyeyusha hutua kwenye vyombo, kwenye mikeka na kwenye nguo za fundi, kisha mtoto anayetambaa huvikusanya kwa viganja. Kuyeyusha betri za magari nyumbani hakufai kwa namna yoyote. Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliishi jirani na kiwanda kilichofanya kazi hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa madhara yaliyowapata. Vyombo vya kuyeyushia visirudi jikoni, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mtoto akimeza pambo

Asitapishwe, na asipewe maziwa mengi kwa matumaini ya kuua sumu. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama anacheza vizuri, pamoja na pambo lililobaki au pacha wake, ili mganga aone kilichomezwa. Picha ya eksirei huonyesha kipande cha metali kilipo, na kikiwa tumboni huweza kutolewa kabla asidi haijakifanyia kazi. Mtoto mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha, choo kigumu, upungufu wa damu, uchovu au ukorofi wa ghafla, na ambaye huwa na tabia ya kunyonya metali, anastahili kupimwa risasi hata kama hakuna aliyemwona akimeza kitu. Ikionekana kiwango ni kikubwa, kuna dawa zinazonasa risasi na kuitoa kwa mkojo, na dagaa, maharage, mboga za majani na matunda yenye vitamini C husaidia kupunguza ufyonzaji. Kipimo cha damu hurudiwa baada ya wiki chache za matibabu, kwa kuwa damu iliyosafishwa hupokea tena risasi inayotoka mifupani, na namba iliyoshuka mara ya kwanza huweza kupanda bila mtoto kugusa pambo lingine lolote.