Ukurutu na Dawa za Mimea

Mkulima, yafaa uujue ukurutu. Ngozi ya mtoto hukauka, huwasha na kupasuka, naye usiku hujikuna mpaka damu itoke. Ugonjwa huu hauambukizi. Usimtenge mtoto wala usimlaumu jirani.

Ngozi nzima ina mafuta yanayozuia maji yasipotee. Ngozi yenye ukurutu imepungukiwa na kinga hiyo, na hewa kavu ya Kajiado huzidisha taabu. Magadi ya ziwani, pamoja na sabuni kali, huondoa hata mafuta machache yaliyobaki. Basi usimwogeshe mgonjwa kwa maji ya magadi.

Siku hizi husifiwa mimea yenye antioksidanti. Maana yake ni hii: samli ikiachwa juani huchacha. Mafuta ya ngozi nayo huharibiwa na jua na hewa. Antioksidanti huzuia uharibifu huo. Mojawapo ni vitamini E, iliyomo katika mafuta ya alizeti. Lakini kuzuia uharibifu si kuponya. Faida kubwa ya mafuta hayo ni kulainisha ngozi.

Mshubiri mwitu, ambao Wamaasai huuita osuguroi, hutumiwa sana kwa vidonda. Ute wake mweupe hupoza ngozi, bali haujathibitishwa kuwa unaponya ukurutu. Utomvu wake wa manjano huwasha; usiupake kamwe.

Fanya hivi:

1. Mwogeshe mtoto kwa maji ya vuguvugu, upesi, bila sabuni kali.
2. Ngozi ingali na unyevu, mpake mafuta mazito yasiyo na manukato, au mafuta safi ya nazi au alizeti. Rudia kila siku, hata asipowashwa.
3. Usitumie mafuta yaliyochacha wala yaliyokaangiwa.
4. Ukitaka kutumia mshubiri, simamisha jani lililokatwa mpaka utomvu wa manjano uishe, kisha menya. Jaribu ute kidogo mkononi, ungoje siku nzima. Usipake kwenye kidonda.
5. Mkate mtoto kucha.

Using'oe mishubiri ya porini. Serikali ilipiga marufuku kuivuna kwa biashara mwaka 1986, na kanuni za mwaka 2007 zinahimiza ile ya kupandwa shambani. Machipukizi ya pembeni huota vizuri katika ardhi isiyotuamisha maji.

Ukiona usaha, uvimbe au homa, mpeleke mtoto zahanati siku ile ile. Dawa aliyopewa na daktari usiikatize kwa ajili ya majani. Mafuta ya mmea ni msaidizi wa dawa, si badala yake.