Seli Mla-Mfupa au Seli Bomoa-Mfupa? Istilahi katika Tiba ya Udhaifu wa Mifupa

Tumchukue nyanya mmoja anayetoka katika duka la dawa mtaani Karen, magharibi mwa Nairobi, mkononi ana pakiti ya alendroneti. Mjukuu anamfasiria karatasi ya maelezo, ambayo ni ya Kiingereza, kuwa dawa hii huua seli zinazokula mifupa. Nyanya anashtuka: "Wadudu hao waliniingia lini, mjukuu wangu?" Mfano huu ni wa kubuni, lakini swali lake ndilo linaloshughulikiwa na makala hii.

Ikumbukwe kwamba seli hizo si adui. Mfupa ni jengo lisilokoma kukarabatiwa. Kwa mtu mzima, takribani asilimia 10 ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Seli moja hujibandika juu ya mfupa mkuukuu na kumwaga asidi inayoyeyusha madini, kisha kimeng'enya kiitwacho kathepsini K hukatakata protini iliyosalia. Seli nyingine hufuata nyuma na kuziba shimo. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua, wabomoaji huwazidi waashi kasi, na mfupa hubaki na vishimo. Huo ndio udhaifu wa mifupa, yaani osteoporosisi.

Albert von Kölliker, aliyeipa seli hiyo jina mwaka 1873, alitumia mzizi wa Kigiriki wenye maana ya kuvunja, wala si kula. Sisi tukitohoa tu, tutapata "osteoklasti", neno lisilomwambia nyanya lolote. "Seli mla-mfupa" hueleweka upesi, ila huzua picha ya mdudu. Napendekeza "seli bomoa-mfupa" na mwenzake "seli jenga-mfupa", kwa muundo wa kitenzi na nomino tuujuao katika "chemshabongo" na "pimamaji" (neno la waashi wenyewe!).

Je, tofauti hii ina uzito gani? Tuzitazame dawa. Alendroneti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, hujishikiza kwenye madini ya mfupa. Seli bomoa-mfupa huimeza ikiwa kazini, ikalemaa na kufa. Denosumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2010, ni kingamwili ya maabara. Huzuia protini ya RANKL, ambayo huziamuru seli changa kukomaa na kuwa wabomoaji, na hudungwa kila baada ya miezi 6. Haikai mfupani. Ikiachwa bila dawa nyingine kushika nafasi yake, ubomoaji hurudi kwa kishindo, na wapo wagonjwa waliovunjika pingili za uti wa mgongo. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba "walaji" wamekwisha kuuawa ana sababu gani ya kurudi kudungwa tena?

Hali kadhalika, kitenzi "kuua" hakiifai odanakatibu. Dawa hiyo iliiacha seli hai na kuzuia kathepsini K pekee. Ilipunguza mivunjiko, lakini hatari ya kiharusi ikaongezeka, na kampuni ya Merck ikaachana nayo mwaka 2016.

Kwa istilahi hizi mbili, mjukuu wetu wa Karen angeweza kusema: "Nyanya, hakuna mdudu. Mafundi wanaobomoa wamewazidi wanaojenga, na dawa hii inawapunguza. Imeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa gilasi nzima ya maji matupu, wala usilale kwa nusu saa."