Ugonjwa wa Kutetemeka na Njia za Ubongo

Mwaka 1817 tabibu mmoja wa London, James Parkinson, aliandika kijitabu juu ya watu sita waliotetemeka mikono, wakainama, wakaenda kwa hatua fupi za haraka. Ugonjwa huo leo huitwa kwa jina lake. Lakini katika neno moja alikosea: alidhani ya kuwa akili za mgonjwa hazidhuriki. Sasa yajulikana ya kuwa wagonjwa wengi, miaka ikipita, hupungukiwa na akili pia.

1. Sababu yake ni nini? Chini ndani ya ubongo mna chembe za rangi nyeusi, zitengenezazo kitu kiitwacho dopamini, ambacho kwacho chembe hupashana habari. Chembe hizo hufa polepole. Mwaka 1960 Ehringer na Hornykiewicz wa Vienna walionyesha ya kuwa dopamini imepungua sana katika ubongo wa wagonjwa waliokufa.

2. Akili hupunguaje? Sehemu za ubongo ni kama vijiji, na nyuzi ziziunganishazo ni kama njia. Kila kijiji kina kazi yake, lakini shauri moja huhitaji vijiji vingi. Mashine yenye sumaku kubwa huonyesha ni sehemu zipi zinazofanya kazi pamoja, hata mtu akilala kimya. Kwa wagonjwa ambao akili zimepungua, mara nyingi mapatano hayo huonekana yamelegea. Ni kana kwamba vijiji vingalipo, ila njia zimeota majani.

3. Basi tufanyeje? Ukimwuliza mzee kwa pumzi moja, "Umekula? Dawa umemeza? Watoto wako wapi?" umemtwika mizigo mitatu. Uliza neno moja, kisha ngoja. Usimjibie. Jibu lake laja, ila lapita njia mbovu. Wala usiseme ni mvivu, au amerogwa, au amerudia utoto. Dawa iitwayo levodopa husaidia mwili kwenda, lakini akili haizirudishi. Tena akichanganyikiwa ghafula, kwa siku chache tu, apelekwe hospitali upesi. Labda ana homa, au dawa zimemdhuru.

Maswali: Parkinson alikosea katika neno gani? Kwa nini mgonjwa hukawia kujibu? Nawe, mwalimu, mara ya mwisho ulipomtembelea mgonjwa wa namna hii, ulimngoja?